Kipngetich Aliyeosha Gesi

Ukitoka Subukia kuelekea upande wa Solai, kabla hujafika kwangu, kuna shimo. Si shimo la choo wala la machimbo. Ni kibonde chenye umbo la bakuli, na nyasi za chini yake zimekauka hata mvua inyeshe vipi. Ndege akitua mle hapandi tena. Mbwa wangu, ambaye hakuwahi kumwogopa hata fisi, akifika ukingoni hulaza masikio na kurudi kinyumenyume, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akamkuta mama mkwe.

Wazee walisema kuna kitu kimelala mle. Mimi, niliyeacha shule darasa la saba kwa sababu mwalimu hakuwa na jipya la kunifunza, niliwaambia ni hewa tu. Hawakuniamini. Leo wasomi wote wanakubaliana nami.

Hewa yenyewe ni kabonidayoksaidi, ile unayoitoa puani sasa hivi ukisoma hapa, ile inayoifanya soda itoe mapovu. Huku kwetu Bonde la Ufa ardhi ina nyufa, na kwenye nyufa inapumua. Inatoka kimya. Haina rangi wala harufu ya kukuamsha, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inalala chini ya shimo kama maji. Ng'ombe akiinamisha kichwa kula mle, anakiinamisha mara moja tu. Sisi tunaiita hewa mfu. Haiwaki, na kinachowaka ukikitia humo kinazimika.

Shimo hilo liko katika shamba la Kipngetich, mtoto wa dada yangu, na ni yeye ninayetaka mumjue. Alizaliwa mwaka wa ile njaa kubwa ya themanini na nne, akaja duniani akilia kwa sauti ya mtu anayedai. Shule ilimchosha mapema. Hilo alilirithi upande wetu. Alipokuwa kijana, mradi mmoja wa maziwa ulikuja Subukia kuchimbia wafugaji mitambo ya bayogesi, ile gesi ya kupikia inayotoka kwenye mavi ya ng'ombe. Kipngetich akaajiriwa kuchimba. Fundi aliyekuja na mradi alipoondoka, mitambo ikaanza kuharibika, na kijana aliyekuwa akishika sepetu ndiye aliyejua ni wapi pa kugonga. Hivyo ndivyo alivyopata jina la fundi, na tangu siku hiyo hakulivua hata kanisani.

Sifa yake ilikuwa kuosha gesi. Nisikilizeni hapa, kwa maana hadithi yote imelalia hapa. Gesi ya mavi ina vitu viwili vikubwa: methani, ambayo ndiyo inayowaka, na ile ile hewa mfu, ambayo inaifanya methani iwake kwa uvivu. Kipngetich aliweka pipa la maji ya chokaa katikati ya bomba. Gesi ikaingia chini ya maji ikitoa mapovu, chokaa ikaikamata hewa mfu, na upande wa pili ikatoka methani safi yenye moto wa buluu uliosimama wima kama askari kwenye gwaride. Wanawake wa Bahati hadi Solai walimwita awaoshee. "Gesi chafu," alikuwa akisema, "ni maziwa yaliyotiwa maji. Mimi nakamua upya."

Tena alikuwa na desturi moja. Kabla hajamkabidhi mama yeyote jiko lake, alijaza gesi kidogo kwenye puto, akalifunga kwenye ncha ya ufito mrefu, akaenda nyuma ya zizi na kuliwasha. Akauona ule moto laini ukilamba na kuisha. Hilo aliliita kuonja moto. Hakuna nyumba aliyowahi kuiachia moto bila kuuonja kwanza.

Mke wake ni Jerotich, mtoto wa mchoma nyama wa Kikopey. Mwanamke aliyelelewa na moshi humwambii kitu kuhusu moto. Alikubali jiko la gesi jikoni mwake, lakini mafiga hakuyaondoa, kwa sababu kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, kinataka mkaa wa kuni zake, na gesi haitoi mkaa. Kwa hiyo jikoni mwa Jerotich, mchana kutwa, kulikuwa na makaa mekundu. Mtu yeyote anayempenda Jerotich angeanza kuogopa hapo.

Sasa, huyo Nerima.

Alikuja msimu wa kiangazi akiwa amevaa gambuti, na mkononi kidude kinacholia piipii kila alipokisogeza karibu na shimo. Kipngetich alimkuta ukingoni.

"Sasa, boss. Hili shimo ni la nani?"

"Ni langu, na usisogee. Limekula mbuzi wangu na hata kucheua halijacheua."

"Ndilo nimekuja kuona."

"Watu wakija Nakuru wanaona flamingo. Wewe umekuja kuona kaburi."

Msichana akacheka. Alitoka chuo kimoja upande wa Njoro, alikuwa akisomea udaktari wa vitu vidogo, na mimi nilipoitwa kunywa chai nilimwuliza ni vidogo kiasi gani. Akatoa chupa ya unga mweupe wenye rangi ya majivu kidogo.

"Mzee, huu unga ukiutazama kwa mashine ya chuoni, unaona mirija imesimama wima, mstari kwa mstari."

"Kama mahindi," nikasema.

"Kama mahindi. Lakini shamba zima la hayo mahindi linatosha juu ya kichwa cha sindano."

"Na nani anapalilia?"

"Jua."

Nilimpenda pale pale. Alitaka kuupaka unga huo ndani ya vioo, avilaze vioo kwenye mteremko vikitazama jua, kisha avute hewa mfu kutoka shimoni aipitishe juu yake pamoja na mvuke wa maji. Jua likipiga, ile mirija inaamka. Inavunja maji, inavunja hewa mfu, na vipande vinashikana upya. Kaboni inakamata haidrojeni, na hiyo ndiyo methani, gesi ya kupikia, imetoka kwenye kitu ambacho jana kiliua mbuzi. Unga wenyewe hauliwi na kazi. Unabaki kwenye kioo ukingoja jua la kesho.

"Na oksijeni?" Kipngetich akauliza. Hakuwa mjinga. "Umevunja maji. Oksijeni inaenda wapi?"

Nerima akaweka kikombe chini.

"Hapo ndipo shida yetu, fundi. Inabaki humo humo kwenye mfuko, pamoja na methani. Gesi yako ya mavi haina oksijeni. Ukiiwasha, inatafuta hewa ya nje, ndiyo maana inaungua polepole mdomoni mwa bomba. Hii yangu imebeba oksijeni yake yenyewe. Haina haja ya kungoja. Kinachoizuia ni kimoja, ile hewa mfu nyingi inayobaki bila kugeuzwa. Imeikalia kifuani. Kwa hivyo usiitoe. Na mfuko ukae huku shimoni, usifike nyumbani, mpaka nilete chujio la kutenga oksijeni."

"Nimesikia, daktari."

Alisikia. Masikio yake wakati huo yalikuwa mazuri sana.

Vioo vikalazwa. Mfuko mkubwa wa nailoni ukafungwa ukingoni, mweusi, ukaanza kuvimba taratibu, siku baada ya siku za jua, mpaka ukafanana na mtamba aliyekufa akavimba. Watu wakawa wanapita wakiuangalia kwa pembe ya jicho. Dada mmoja wa kanisa aliniuliza kama ni kweli tunafuga shetani wa shimo kwenye plastiki. Nikamwambia ndiyo, na anapenda wanawake wanaosengenya. Aliacha kupita njia hiyo.

Siku Nerima alipowasha jiko dogo pale ukingoni, kikombe cha maji kilichemka, na yeye akafuta machozi. Kipngetich hakufuta chochote. Aliutazama ule moto. Ulikuwa dhaifu, wa manjano, unaruka na kulala, unaruka na kulala.

"Hii moto iko na malaria," akasema.

"Ni salama hivyo," Nerima akasema.

"Salama ni salama. Lakini siwezi kuonyesha mtu."

Nerima akarudi Njoro kufuata chujio lake. Alipiga simu kila mara kuuliza kama mfuko uko mahali pake, na Kipngetich akamjibu uko. Mwanzoni ilikuwa kweli.

Kilichofuata ni koito. Binti yao, Cheruto, alikuwa amepata mchumba, kijana aitwaye Kipsang wa Sachangwan, na siku ikapangwa watu wa mvulana waje kumwomba rasmi, wale, wanywe, wazee waseme. Siku ya koito, nyumba ya msichana ndiyo inayopimwa. Wakwe wanaonja chai yako, wanatazama ng'ombe wako, na jioni wakirudi kwao wanakuvua nguo njiani kwa maneno. Kipngetich alikutana na mzee Kibii, amu wa Kipsang, kule Subukia sokoni, na mdomo wake ukatangulia.

"Mzee, chai mtakayokunywa kwangu itachemshwa na jua na ile hewa ya shimo. Moto wa buluu. Hamjaona."

Mzee Kibii akageuza fimbo yake mkononi. "Sisi watu wa Sachangwan," akasema, "hatuna haraka na moto mpya."

Hakuna mtu wa huku asiyejua kwa nini. Mwaka ule lori la mafuta lilipowaka kwao, wengine wetu tulizika. Mtu mwingine angenyamaza. Kipngetich alimshika mzee begani. "Huu ni wangu, mzee. Huu umefugwa."

Aliporudi aliufungua mfuko kule shimoni, akaubeba yeye na jirani, akaufunga juu ya mabati ya jikoni kwa Jerotich. Jerotich alitoka na mwiko mkononi.

"Hiyo godoro ni ya nini juu ya kichwa changu?"

"Ni gesi, Mama Cheruto. Ya koito."

"Nerima alisema ikae shimoni."

"Nerima ni daktari wa vioo. Fundi wa moto ni nani hapa?"

"Na mafiga yangu?"

"Yakae. Nani ameyataja mafiga?"

"Mimi ndiye ninayeshinda humu ndani, Baba Cheruto. Wewe unashinda barabarani ukisifiwa."

Kipngetich alikuwa ameshaanza kuvingirisha pipa.

Pipa la chokaa. Mimi wakati huo nilikuwa Nakuru, kwa Bhupendra wa nguo, nikitafuta koti la kuwatisha wakwe, kwa hiyo hili nimelipata kwa Jerotich. Aliunganisha bomba kutoka kwenye vioo, akalipitisha ndani ya maji ya chokaa, na gesi ikapanda kwenye mfuko ikiwa imeoshwa. Kisha akaigeuza ile iliyokuwemo tangu mwanzo, ikapita tena. Kila alipoiosha, mfuko ulinywea, naye akafurahi. "Unaona uchafu ulivyokuwa mwingi," akamwambia mkewe. Akaongeza chokaa. Akaosha tena. Jua lilikuwa kali wiki ile, vioo vilifanya kazi tangu asubuhi, na mfuko ukavimba mpaka kamba zikalia.

Mtu wa mjini angeogopa hata kuugusa. Mtu asiyejua gesi angeuacha jinsi ulivyo, na ungekaa bila neno. Ilihitaji fundi, na fundi mzuri, kuuharibu namna ile. Kwa maisha yake yote kuosha gesi kulikuwa kuitibu. Mkono wake haukujua kuwa safari hii ulikuwa ukiondoa uzito uliokalia kifua cha mnyama.

Asubuhi ya koito niliamka nikavaa koti langu, nikapita pale shimoni. Vioo vilikuwa vinang'aa. Chini ya bakuli kulikuwa na njiwa watatu wamelala chali, wapya. Sikupenda.

Wakwe walifika na magari mawili. Tukawaketisha kwenye hema, maputo mekundu na meupe yakiwa yamefungwa kila mahali, kazi ya marafiki wa Cheruto. Niliwasalimu kwa hotuba fupi ambayo wengine wameiita bora zaidi kuwahi kutolewa Subukia. Chai ikawa inangojewa. Jerotich alikuwa jikoni, na kwa kuwa hakuwa na imani na ule mfuko, alikuwa amepanga kuni kwenye mafiga kama mtu anayechoma ng'ombe mzima. Moshi ulipanda, ukapita kwenye uwazi kati ya ukuta na mabati, ukalamba tumbo la mfuko, ukaenda zake.

Kipngetich akanivuta mkono.

"Mjomba, njoo nyuma ya zizi nikuonyeshe buluu kabla sijawaita."

Alikuwa amejaza puto moja la mapambo, jekundu, ukubwa wa chungwa. Akalifunga kwenye ncha ya ufito. Akawasha bua kavu la mhindi, akalichomeka chini, akausogeza ufito.

Halikuwaka. Nataka mnielewe. Gesi ikiwaka inafanya *fuu*, inalamba, inaisha. Hii ilipasuka. Mlio ule ulinipiga kifuani kabla sijausikia. Kuku walilala. Koti langu jipya liliingia vumbi la zizi, na nilipojiona niko chini, nilikuwa nimejishika kichwa.

Kule hemani wakwe wakapiga makofi. Walidhani ni fataki za sherehe. Baadaye niliambiwa mtu mmoja hakupiga makofi. Mzee Kibii alikuwa amesimama.

Kipngetich alikuwa anautazama ufito. Ncha yake haikuwepo. Alitazama pale puto lilipokuwa, ukubwa wa chungwa, kisha akageuza shingo polepole akautazama mfuko juu ya jiko, ukubwa wa mtamba, na moshi wa kuni za mkewe ukiuzunguka. Niliyaona macho yake yakipima. Katika maisha yote sijaona mtu akijifunza kwa haraka namna ile, wala kwa kuchelewa namna ile.

"Mjomba," akasema, "ondoa watu. Usipige kelele jikoni."

Akaenda. Hakukimbia. Angekimbia, Jerotich angejua, na Jerotich akijua kuna hatari ya moto angefanya kile mtoto wa Kikopey hufanya, angechukua ndoo ya maji amwage kwenye makaa, na cheche zingeruka hadi paani. Nilimsikia akisema mlangoni, kwa sauti ya kawaida.

"Mama Cheruto, toka nje kidogo."

"Chai inataka kuchemka."

"Toka tu."

"Nitoke niwape wageni nini, maji ya mto? Nenda ukae na watu wako."

Kipngetich akasema, "Ng'ombe wa koito ameingia shimoni."

Ule mwiko nilisikia ukianguka. Jerotich alitoka akiwa na leso kiunoni, akanipita kama risasi, akilaani ng'ombe, akimlaani aliyeacha lango wazi, akimlaani mumewe na ukoo wake, na humo nami nikapata yangu. Akashuka mteremko.

Mimi nikaenda hemani. Nilikuwa nimeandaa kelele kubwa, lakini mzee Kibii alikuwa ameshawainua watu wake na kuwapeleka nyuma ya tangi la maji. Aliinua mkono wake tu, na wakafuata.

Kipngetich alipanda juu ya pipa, akakata kamba kwa panga, akautoboa mfuko tumboni. Upepo wa Solai ulikuwa unavuma, Mungu ashukuriwe, ukawa unaichukua ile gesi upande wa mahindi. Akauvuta mfuko kutoka paani, akaanza kuuburuta kuelekea uwanda. Umenywea, anauburuta, ananywea naye kwa kuinama. Tulikuwa tunamtazama. Cheruto alikuwa ameziba mdomo wake kwa mikono yote miwili.

Alichosahau ni mpira. Ule mpira mrefu wa gesi, upande mmoja ulikuwa bado umefungwa kwenye mfuko, na upande wa pili ulikuwa umepita ukutani hadi kwenye jiko la gesi, kando ya mafiga. Alipovuta mfuko, jiko likaanguka. Likaanguka upande wa makaa. Niliuona mpira ukipata uhai. Moto ulipita ndani yake kama panya kwenye mfereji.

Naye aliuona. Aliutupa mfuko, akajitupa nyuma ya hori la ng'ombe.

Mfuko ulilipuka, na gesi iliyovuja jikoni ikatupa kuta nje. Bati moja lilipatikana kwa jirani wa tatu, limejikunja kama karatasi. Maputo yote hemani yalipasuka kwa pamoja, na kwa muda mrefu hakukuwa na sauti nyingine isipokuwa ng'ombe wakilia. Jerotich alikuwa amesimama kwenye ukingo wa shimo. Ng'ombe wote alikuwa ameshawaona, wanakula nyasi juu, wazima. Alikuwa amegeuka ili aje amtukane mumewe vizuri. Akaona mahali jiko lake lilipokuwa.

Alikaa chini pale pale, na ilibidi nimfuate nimwinue, kwa maana kukaa kwenye ukingo ule si salama.

Kipngetich hakufa. Hori lilimwokoa kifua na kichwa. Vidole vya mkono wa kushoto havikuokoka, na masikio yalivuja damu hadi Nakuru hospitalini. Daktari alituambia hayatarudi. Mzee Kibii alikaa nasi usiku ule wote, na asubuhi akasema, "Tulikuja kuomba msichana, na mama yake yuko hai. Sisi hatujabadilisha neno." Chai ya koito ilipikwa nyumbani kwangu, kwa kuni. Cheruto sasa yuko Sachangwan.

Nerima alikuja wodini. Alikaa karibu na kitanda akauliza maswali, akaandika hesabu kwenye kiganja chake, akazifuta, akaandika tena. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa habari ya msiba, "Mzee, ule unga ulifanya kazi kuliko nilivyotarajia. Gesi ilikuwa nyingi kuliko hesabu yangu."

"Hiyo ni habari nzuri au mbaya?"

Nerima alivichukua vioo vyake, vyote, akavifunga kwa blanketi. Chuo kimemwambia asubiri.

Lakini mlio ni mlio, na Subukia ina mdomo. Watu walikuja kupiga picha mahali jiko lilipokuwa. Wakaenda wakasimulia. Kipngetich alirudi nyumbani akawa anakaa kwenye benchi nje, kofia kando yake, akitazama midomo ya watu. Hakuna tena mama anayemwita kuoshewa gesi. Sauti yake imekuwa kubwa, kwa kuwa haisikii. Nilimzoea mtoto huyu akijisifu tangu ana meno mawili, na sasa alikuwa ameacha, na nyumba ilikuwa na baridi.

Jana, baada ya saa sita mchana, gari safi likaingia. Safi kabisa, kwenye barabara yetu. Akashuka mwanamume mwenye viatu vinavyong'aa na tabasamu la mtu asiyekuwa na haraka. Nilikuwa pale.

"Shikamoo mzee. Mathe, habari. Natafuta fundi wa gesi."

"Gesi imekwisha," Jerotich akasema. Alikuwa ameketi kwenye benchi na mumewe, anachambua mboga.

"Mimi sitaki ya kupika. Mimi niko na machimbo ya mawe kule chini, na mawe yamekataa nyundo. Nataka ile iliyolia."

"Iliyolia ni mtoto wa jirani."

Akacheka vizuri. "Nimesikia kulikuwa na kitu imewekwa ndani."

"Imewekwa ujinga. Hatuna mwingine, umeungua wote."

"ANASEMAJE?" Kipngetich akauliza.

Jerotich akamgeukia, akafungua mdomo wake wazi kabisa ili asomeke. "Anauliza njia ya Solai."

"Mwambie iko mbele yake."

Yule mtu hakumtazama Jerotich. Alimtazama Kipngetich, taratibu, akaviona vile vidole ambavyo havipo, akaona jinsi alivyokuwa akifuata midomo. Akaelewa. Akatoa simu, akaandika kitu kwa herufi kubwa, akamgeuzia skrini. Nami niliisoma kutoka upande: FUNDI, NI WEWE ULIFANYA ILE KAZI?

Kipngetich alisoma polepole, midomo ikicheza. Alipofika mwisho akarudi kwenye neno la kwanza. Mgongo wake ukanyooka. Sikuwa nimemwona akinyooka tangu hospitalini, na sikupenda.

Jerotich akafunika skrini kwa kiganja chake chenye majimaji ya mboga.

"Njia ya Solai," akamwambia yule mtu, "ni ile."

Yule mtu akafuta simu yake kwa leso, bila kukasirika. Akashukuru. Akaingia kwenye gari, akashuka nalo mteremko, na tulilisikia, sisi wenye masikio, likizimwa kabla ya kufika barabarani. Alikuwa amesimama kando ya shimo. Akatoa kiberiti cha gesi mfukoni, akapiga magoti, akashusha mkono polepole hadi moto ukazimika. Akauinua, akawasha, akashusha tena.

Kipngetich alikuwa anamtazama. Akasimama, akapapasa kwenye benchi akitafuta kofia yake.

Jerotich alikuwa ameikalia. Aliendelea kuchambua mboga, jani kwa jani, bila kuinua macho. Kipngetich akangoja, amesimama mbele yake, mkono ameunyoosha. Gari lilikuwa bado liko pale.